Sabuni ya Mkono wa Kushoto

Kipande cha kwanza cha sabuni Shefu alikitoa kwenye bomba la maji machafu, na hakuna atakayemshawishi kwamba alichokiona asubuhi ile ni jambo la kawaida.

Sinki la kantini lilikuwa limeziba. Mafuta ya kukaangia samaki, yaliyomwagwa humo wiki nenda wiki rudi, yaliganda kooni mwa bomba, na maji ya vyombo yakawa yanapanda badala ya kushuka. Fundi bomba alikuja jioni, akatia humo vijiwe vyeupe vinavyofanana na chumvi ya mawe, akaenda zake. Asubuhi aliporudi na kufungua maungio, kikadondoka kitonge cha kijivu, kigumu kiasi cha kushikika. Shefu akakiokota ili akakitupe. Mikono yake ilikuwa na maji, na kabla hajafika kwenye pipa la taka akahisi vidole vinateleza. Akatazama. Povu!

Na si povu la kubahatisha. Lilikuwa zito, jeupe, linapanda mpaka kwenye kifundo cha mkono, na masizi yaliyomkaa kwenye kucha tangu aajiriwe yalikuwa yanatoka yenyewe.

"Fundi, hiki ni kitu gani?"

"Uchafu wako."

"Uchafu gani unatoa povu?"

Fundi bomba, mfupi wa kimo na mrefu wa maneno, alicheka mpaka spana ikamponyoka. "Hayo ni mafuta yako na kostiki yangu, vile vijiwe vya jana. Vikikutana vikapatana, vinazaa sabuni. Kwani wewe ulifikiri sabuni inachimbwa? Nenda kanawe vizuri, hiyo bado ina ukali, itakuchubua."

Shefu akanawa, lakini mawazo hayakutoka pale. Jina lenyewe la Shefu alipewa kwa utani, maana kazi yake ilikuwa kukaanga samaki na kuchemsha maharage ya wafanyakazi wa kiwandani, siku zote hivyo hivyo. Lakini mafuta aliyajua. Aliyajua yakiwa mapya, yakiwa yamechoka, yakiwa yameungua. Miaka yote hiyo alitumia sabuni kuyafukuza, kumbe alikuwa anamtuma mtoto amfukuze mamaye. Akakifunga kile kitonge kwenye kipande cha gazeti, akakitia mfukoni kama mtu aliyeokota pete.

Pengine asingeshangaa kiasi hicho kama nyumbani kwake sabuni isingekuwa jambo la kufa na kupona.

*

Mama yake alikuwa amelala chumba cha nyuma, nyuma ya pazia la maua. Kiharusi kilimchukua mkono wa kulia, mguu wa kulia na ulimi, kikamwachia masikio na akili zake zote. Kwa jinsi mambo yalivyokuja kuwa, Shefu aliwahi kuwaza kwamba ingekuwa heri kingemchukua na masikio.

Maana dada yake Shefu, mkubwa wake kwa kuzaliwa, alikuja kumjulia hali mama. Alisimama kwenye mlango wa chumba, leso puani, viatu miguuni. "Jamani," alisema, "nyumba nzima inanuka mkojo. Wifi, nyie sabuni hamna?" Mke wa Shefu alimeza mate, akamwambia karibu uketi. Dada mtu hakuketi. Aliacha mfuko wa matunda mezani akaondoka, na maneno yake yakabaki chumbani na mgonjwa. Ulimi hauna mfupa, lakini unavunja.

Sabuni kweli ilikuwa haba. Mshahara wa kantini ulikuwa unakuja kwa kuchechemea, na mashuka ya mama hayakuwa na siku ya kupumzika. Mke wa Shefu alikuwa anaamka kabla ya jirani yeyote, anayabeba mpaka kwenye bomba la mtaa, anayafikicha kwa kipande kidogo kuliko dole gumba, na anarudi nayo kabla macho ya watu hayajafunguka. Shefu alikuwa anamtekea maji ya kumwogeshea mama, anayafikisha kwenye pazia, anaishia hapo. Mtoto wa kiume hamwogeshi mama yake. Hilo halikuwa na mjadala, na mama mwenyewe asingekubali hata kama angebaki na jicho moja tu la kukatalia.

Basi tangu siku ya yale maneno, mama alifunga mdomo. Akipewa maji, anakunywa funda moja la kuwaridhisha, kisha midomo inabanwa. Akipewa uji, vijiko viwili. Kikombe kikija tena, anageuza uso.

Muuguzi wa zahanati alimbana ngozi ya mkono kwa vidole viwili, akaiachia. Ngozi ikabaki imesimama kama kitambaa kilichokunjwa.

"Huyu amekauka," alisema. "Anywe maji. Asipokunywa, figo zitagoma, na figo zikigoma mimi sina dawa."

"Tunampa, hataki," alisema Shefu.

"Basi mbembelezeni. Mtu mzima akifika hapa hurudi utotoni."

Walimbembeleza. Wakatia sukari, wakatia limau, wakanunua mrija. Mama alikuwa anawatazama kwa huruma, kana kwamba wao ndio wagonjwa, na mdomo ukabaki umefungwa.

*

Mke wa Shefu ndiye aliyegundua, na aligundua jioni ile ile ya kitonge cha bomba. Alitoka nyuma ya pazia ameshika kigae cha sabuni kwenye kiganja, kimekwisha mpaka mwanga unapenya.

"Shefu, mama haumwi koo."

"Anaumwa nini?"

"Anatubania sabuni."

Shefu hakuelewa. Mkewe akaketi, akakiweka kile kigae mezani katikati yao.

"Nikimbadilisha shuka hanitazami mimi. Anaitazama hii. Anaona inavyokwisha. Leo shuka lilikuwa kavu, na mimi kwa ujinga wangu nikamsifu. Nikamwambia hongera mama, leo hujanipa kazi. Akatabasamu." Akakisukuma kigae mbali. "Unasikia, baba? Nimemsifu mtu kwa kujiua."

Shefu alikitazama kile kigae. Hofu ilimshika, hofu ya kweli. Mama yake alikuwa anakufa kwa kiu hatua chache tu kutoka kwenye mtungi uliojaa, anakufa kwa adabu, ili asiwape watu kazi. Na yeye, mwanawe wa kiume, hakuwa na ruhusa hata ya kuvuka pazia mama akibadilishwa. Mkono wake ukaingia mfukoni wenyewe.

"Mke wangu," alisema, "mimi nitapika sabuni."

"Utapika nini?"

Akafungua gazeti.

*

Mpishi ni mpishi. Alimwendea fundi bomba, akaelezwa vipimo: mafuta sehemu nane, kostiki sehemu moja, na kostiki ndiyo inayotiwa kwenye maji, usithubutu kuyamwaga maji juu yake. Akapewa kostiki kwenye kopo. Kuhusu chombo hakuuliza, na fundi hakusema, kwa sababu haikumjia kwamba kuna haja ya kusema. Shefu akaenda moja kwa moja kwenye rafu ya mkewe, akashusha sufuria kubwa kuliko zote, ya alumini, iliyosuguliwa kwa mchanga mpaka unajiona sura. Kwake yeye, kinachopikwa hupikwa kwenye sufuria. Kuna mpishi gani angewaza vinginevyo?

Akaiweka uani, akatia maji, akadondosha kostiki.

Sufuria ikafoka. Maji yakachemka, yakageuka meusi, yakatoa mvuke unaokata koo. Shefu, kwa mazoea ya kazi, akanyoosha mkono chini ili apunguze moto, na hapo ndipo alipokumbuka kwamba moto hakuwasha. Mkewe alimdaka shati kwa nyuma akamburuta mpaka nyuma ya ukuta. Walichungulia wote wawili kama watoto. Sufuria iliendelea kuchemka peke yake, haina kuni wala mkaa, kwa hasira zake yenyewe.

"Jirani!" sauti ikaita upande wa pili. "Leo mnapika nini? Harufu hiyo!"

"Supu!" akajibu mke wa Shefu.

Ilipotulia waliisogelea. Ndani ilikuwa imechimbika chimbika kama uso wa aliyeugua ndui, na chini palikuwa na tundu. Maji meusi yalikuwa yanavuja taratibu yanazama ardhini.

"Umeipikia nini?" aliuliza mkewe, kwa upole unaotisha kuliko kelele. "Radi?"

"Sabuni."

"Sabuni imekula sufuria yangu. Na ndiyo unayotaka nimpake mama yako?"

Shefu aliingia ndani na kujifanya anatafuta kitu.

Fundi bomba alipopewa habari alicheka mpaka akatafuta pa kukaa. "Alumini! Kostiki na alumini ni chui na mbuzi, bwana! Ndoo ya plastiki. Mwiko wa mti. Nani angefikiri nikufundishe hilo?" Kisha akamtazama mwenzake usoni, akaacha kucheka. Akaulizia hali ya mama. Akaelezwa. Akaenda kwenye mkoba wake, akatoa kopo jingine na glavu zake mwenyewe za mpira, nyeusi, zinazofika viwikoni. "Chukua. Lakini safari hii uliza kila kitu, hata kama ni cha kipuuzi."

Shefu akauliza kila kitu, na cha kipuuzi pia.

Nyumbani macho ya mama yalikuwa yameanza kuzama, na midomo imepasuka. Mkewe alimwambia neno moja tu: "Ukikosea tena, hiyo sabuni tutakuja kuiogeshea maiti."

*

Mafuta yalikuja kutoka kantini kwenye dumu, meusi, yananuka samaki wa kila aina. Shefu aliyachemsha pamoja na maji ya chumvi, akayaacha yapoe, akayaengua, akayachuja kwa fulana kuukuu. Akarudia. Yakatoka na rangi ya chai ya rangi, na harufu ya samaki ikawa ya kusimuliwa tu. Hapo hakuhitaji fundi wa kumwelekeza.

Mchana ule jua lilikuwa zuri, wakamtoa mama uani wakamkalisha kwenye kiti chenye mito, ukutani, mbali na kazi. Shefu akavaa glavu, akaenda kwenye kona, akatia kostiki kidogo kidogo kwenye ndoo ya maji huku akikoroga na kugeuza uso pembeni. Ndoo ikaanza kupata moto. Aliigusa kwa nje akatoa mkono haraka.

"Njoo uguse," alimwambia mkewe kwa kunong'ona, kama yuko kwenye nyumba ya ibada. "Gusa nje tu. Maji ya mtungini haya, yalikuwa baridi."

Mkewe akagusa. "Nani kayachemsha?"

"Hakuna."

Walisubiri mpaka ndoo ikawa vuguvugu, mafuta nayo vuguvugu, ndipo wakavikutanisha. Shefu akakoroga. Fundi alimwambia usiache, ukiacha vinaachana, kila kimoja kinarudi kwao. Akakoroga mpaka bega likawaka. Mkewe akapokea, akakoroga mpaka akaanza kuimba kwa uchovu. Akapokea tena Shefu. Ndani ya ndoo kulikuwa na mchuzi wa kahawia, mwepesi, usio na dalili yoyote ya kutaka kuwa kitu kingine.

"Imegoma," alisema Shefu.

"Koroga, bwana."

"Mkono haupo tena, mke wangu."

Ndipo waliposikia mbao inagongwa. Mama alikuwa anagonga mkono wa kiti kwa kiganja cha kushoto. Wakamtazama. Akaunyoosha ule mkono mbele, vidole vimefunguka, akauacha hapo hewani.

"Anataka maji!" alisema Shefu, akauendea mtungi.

"Hataki maji," alisema mkewe. "Anataka mwiko."

"Hapana. Ile ni kostiki. Ikimrukia je?"

"Mpe."

"Mke wangu—"

"Toka aanguke, tumemfanyia kila kitu. Yeye hajatufanyia chochote, na hicho ndicho kinachomuua. Mpe mwiko!"

Wakamfunika mama gunia mapajani, wakamfunga kanga mbili kifuani, wakamvisha glavu ya fundi, na mwishowe mkewe akaenda kuchukua miwani yake ya jua akamvalisha. "Haya, mama," alisema, "sasa umekuwa fundi bomba." Ndoo ikasogezwa, Shefu akaishika kwa magoti isicheze, na mwiko ukawekwa kwenye ule mkono.

Mama akakoroga.

Hakukoroga kwa nguvu. Alikoroga polepole, mwendo mmoja, bila kuharakisha na bila kupumzika, na Shefu aliyekuwa amepiga magoti mbele yake akaona jambo ambalo hakulitegemea: ule mkono haukuchoka. Mwili wote uliobaki ulikuwa umekaa ukiungoja. Kwa muda wote wa ugonjwa, mkono ule ulikuwa umelala juu ya shuka hauna wa kuutuma. Sasa ulikuwa umepata kazi, na ulikuwa na nguvu zote zilizolimbikizwa.

Jua likasogea. Kisha Shefu akaona mchuzi unapauka. Ukawa rangi ya maziwa yenye chai kidogo. Ukaanza kuvuta mwiko. Mama akainua mwiko kidogo, tone likaanguka juu ya mchuzi, na lile tone halikuzama. Lilikaa juu, limejichora, kama uji ulioiva. Akapitisha mwiko mara nyingine, na njia ya mwiko ikabaki inaonekana.

"Mungu wangu," alisema mke wa Shefu.

Shefu aliinama akachungulia ndani ya ndoo. Mafuta aliyoyamwaga maisha yake yote! Kostiki iliyotoboa sufuria kama karatasi! Vitu viwili ambavyo ukivinywa utakufa na ukivimwaga utaharibu, vimekutana kwenye ndoo ya kudekia, vimezungushwa na mkono mmoja wa mama asiyeweza kusema, na vimeamua kuwa kitu cha kumsafishia mtu mwili. Hakuna aliyevilazimisha kwa moto. Alikuwa amepika kwa miaka mingi, lakini siku ile aliona kwamba hajawahi kupika.

Waliimimina kwenye droo ya kabati waliyoitandika nailoni. Ikajaa mpaka ukingoni, nzito, laini, inang'aa. Mkewe akamvua mama miwani na glavu, akamwosha, akaisogeza droo mpaka miguuni pake.

"Unaona, mama? Yote hii ni sabuni. Ikikauka tunaikata vipande, na mafuta mengine yapo kantini, yanamwagwa kila siku. Haiishi hii. Hata ukitaka iishe, haiishi."

Mama aliitazama droo kwa muda mrefu sana. Kisha mkono wa kushoto ukainuka tena, na safari hii Shefu hakuthubutu kukisia. Mkono ukapita droo, ukapita ndoo, ukaelekea mlangoni, ulipokaa mtungi.

Alikunywa kikombe kizima. Shefu alikuwa anasikia kila funda linavyoshuka. Akanywa cha pili, mengine yakimtiririka shingoni, na alipomaliza akashusha pumzi kama mtu aliyetua mzigo.

*

Asubuhi Shefu alikuwa anafunga viatu vya kazini aliposikia mkewe anapiga kelele nyuma ya pazia.

"Shefu! Shefu, njoo!"

Alikimbia, kiatu kimoja mguuni, akasimama kwenye pazia. Mkono wa mkewe ukatokeza ukiwa umeshika shuka lililokunjwa.

"Shika!"

Akalishika. Lilikuwa limelowa. Limelowa chapachapa, zito, la vuguvugu, na harufu yake haikuwa na shaka. Shefu alilipokea kwa mikono miwili, akalikumbatia kifuani juu ya shati lake safi la kazi, na machozi yakaanza kumtoka bila kumwomba ruhusa.

"Limelowa," alisema.

"Limelowa!" mkewe alikuwa anacheka na kulia pamoja. "Lote, baba! Mpaka godoro!"

Na kutoka nyuma ya pazia ikasikika sauti ambayo hawakuwa wameisikia tangu kiharusi, mbovu, imepinda upande mmoja, lakini ikijulikana. Mama alikuwa anacheka.

Mtoto wa kiume hamwogeshi mama yake. Lakini shuka si mama, na hakuna mila inayolitaja shuka. Shefu alichukua ile ndoo ambayo kuta zake zilikuwa bado zimegandwa na mabaki ya sabuni, akavaa glavu za fundi, akaenda kwenye bomba la mtaa wakati limejaa watu. Wanawake walimpisha kwa mshangao. Akatia maji, akatumbukiza shuka, akafikicha.

Povu lilipanda. Likajaa ndoo, likavuka ukingo, likateremka kwenye saruji, likawafikia watu miguuni, na bado lilikuwa linapanda. Mazungumzo yakakoma. Mwanamke mmoja aliinama akachota kidogo kwa vidole, akalitazama kwenye jua.

"Shefu, sabuni gani hii? Umeinunua wapi?"

"Sikununua," alisema. "Amepika mama."

"Mama yupi? Yule mgonjwa?"

Kabla hajajibu, dirisha la chumba cha nyuma likafunguliwa na kichwa cha mkewe kikatokeza.

"Wewe baba! Fanya haraka na hilo shuka, mama kaomba maji mengine!"